Boti Tuliyoiunguza Nchi Kavu

Ziwani, Turkana

Kaka Wanjala,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Kibabii mko wazima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Ila nina hasira, na hasira yenyewe ni kwako.

Shangazi ameniambia unatangaza kanisani ati yule mzee wa gereji ya Kitale alitupatia boti mbovu. Kaka, acha. Ilikuwa imetumika, ndiyo, lakini ilikuwa nzima. Tuliiua sisi.

Kumbuka siku ile tuliyompa trekta ya marehemu Baba, naye akatupa boti. Ilikuwa juu ya trela, injini iko ndani tumboni, propela imefichwa kwenye mfereji chini yake isigonge mchanga. Hicho ndicho nilichoipendea, maana huku ukingoni maji hayafiki hata magotini. Mzee alituambia wazi, "Injini hii inapozwa na maji ya ziwa. Ikiwa nchi kavu, msiiwashe kabla ya kuunganisha mpira wa maji."

Alipogeuka tu, ukanipiga bega. "Simiyu, wacha uoga. Si tumelelewa na trekta? Dizeli ni dizeli, bana!"

Ukawasha bila maji. Ukapiga resi karibu robo saa, madereva wa tuktuk wamejaa wanashangilia, nawe umetega sikio kama daktari. Mimi ndiye fundi, Kaka. Nilinusa raba ikiungua. Nilinyamaza kwa sababu kwetu mdogo hamkosoi mkubwa wake mbele za watu. Heri ningekuaibisha siku hiyo.

Safari ya kwanza nilibeba akina mama sita na samaki wao wakavu. Hatukufika mbali. Injini ilichemka, moshi ukatanda, na maji yakaanza kuingia pale shafti ya propela inapotokea chini. Tuliyachota kwa sufuria hadi wavuvi wakatuvuta ufukweni. Mama mmoja alinitukana mpaka akachoka. Nilipofungua, nilikuta raba ya pampu ya maji imekatika vipande, na ile inayoziba shafti imeungua ikawa ngumu kama ganda la muhogo. Sasa boti imelala mchangani, kuku wa jirani wanatagia ndani, na mimi nabeba magunia ya watu mgongoni.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonichoma ni simu ya Mama jana kutoka nyumbani, kule kijijini Kwanza. Mvua inakaribia. Jirani alijitolea kumlimia shamba kwa trekta yake, Mama akamkatalia. "Yetu iko gereji," akamwambia, "Wanjala anairudisha wiki hii."

Kumbe ndivyo ulivyomwambia! Kila asubuhi anatoka nje kusikiliza barabara. Asipopanda mahindi msimu huu, atakula nini?

Nenda Kwanza kesho. Mwambie trekta haipo, tuliitoa sisi wawili bila kumuuliza, na boti tumeiharibu kwa ujuaji wako na woga wangu. Aende kwa jirani kabla mashamba hayajajaa maji. Ukishindwa, Jumapili akitoka ibada nitampigia mimi, na sitakusitiri.

Nisalimie shemeji, anayekuvumilia siku zote, na watoto wote. Shangazi mwambie nimemshukuru kwa kunifungua macho.

Mama usimpelekee salamu zangu. Mpelekee ukweli.

Ni mimi mdogo wako,
Simiyu