Punje ya Chuma Chini ya Sikio

Jumatatu, 4 Machi
Kizunguzungu kimezidi. Daktari anataka kichwa changu kipigwe picha kwenye mashine ya sumaku. Nimepewa fomu: una betri ya moyo? Umewahi kujeruhiwa vitani? Una chuma mwilini? Binti yangu alinisomea kama karani wa mahakama. Hapana, hapana, hapana. Ni kweli. Nilivuka mpaka miaka arobaini na moja iliyopita bila mkwaruzo.

Jumatano, 6 Machi
Binti anasema ataingia nami. Nimemwambia si lazima. Akacheka — Baba, lifti tu inakutoa jasho, ndiyo uingizwe kwenye tundu lile peke yako?

Ijumaa, 8 Machi
Mhudumu wa mashine ni msichana mwenye maneno. Saa, mkanda, meno ya bandia, hata kalamu — vyote kapuni, mzee wangu. Anasema sumaku ile haizimwi, haijui Jumapili. Juzi ilinyakua mkasi mfukoni mwa daktari mzima. Kisha akampa binti fomu. Kumbe anayesindikiza naye hujaza. Hilo sikulijua.

Binti akatia alama za hapana moja baada ya nyingine, huku akivua hereni.

Kile kivimbe kigumu chini ya sikio lake nilimwambia ni alama ya kuzaliwa. Ni kipande cha bomu. Alikuwa na miezi kumi na minne. Daktari wa kambi ya wakimbizi alikiacha: kiko karibu na mshipa mkubwa, kisiguswe. Bomu hilohilo lilimuua mama yake. Alipofika miaka mitano aliniuliza mama alikufaje. Nikajibu homa, na homa ikabaki.

Mhudumu alishika kitasa. Nikasema asiingie, ana chuma shingoni. Binti akamwambia msamehe, mzee ana woga leo. Nikarudia. Mhudumu akaachia kitasa — neno hilo hapa hatulipuuzi, haingii mtu. Binti kapelekwa eksirei. Kipimo changu kitangoja.

Nimerudishiwa kalamu. Nimekaa ukumbini. Watu sita.

Ametoka, mkono shingoni. Wamekiona, anasema, kipande kama cha bomu, kidogo kama punje ya mchele. Amekaa. Kiti kimoja kimebaki kitupu kati yetu. Kisha, bila kunitazama, ameuliza mama alikuwa amesimama wapi siku ile.