Kimya cha Mfangano, Kelele za Rusinga

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Zamu ya asubuhi. Kati ya mashine zangu nne, ya tatu imeamka na wazimu. Uzi umekatika mara tisa kabla ya chai. Atieno, anayefuma upande wa pili, ameniambia kwa midomo kwamba kiwanda kikifungwa lazima twende kwao Rusinga. Mle ndani, kwa kelele za mashine, hakuna anayesikia mtu. Miaka kumi na saba tunasomana midomo na vidole, na hakuna umbea uliowahi kutupita. Tunafunga wiki mbili kuanzia tarehe kumi na tano. Kisiwani kwao, ati, ni gitaa mchana kutwa na soko la samaki lisilonyamaza. Nimemwonyesha kidole gumba. Nitamwambia Baba Mwende.

Jumatano, 3 Agosti

Daktari wa masikio, mjini. Kazini nimedanganya ni jino.

Sikio la kushoto limekwisha. La kulia linafuata, huenda mwaka, huenda miwili. Ni zile mashine. Kilichokwenda hakirudi. Alikuwa akinitazama usoni, kwa hivyo niliyapata yote, bahati mbaya.

Nimerudi hapa mtaani kwetu Huruma nikamwambia Baba Mwende kwamba daktari amesema ni uchovu, nipumzike. Mume wangu ni karani. Akiambiwa kitu anaamini. Naona aibu. Tena nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Jumamosi, 6 Agosti

Baba Mwende ameingia na meno yote nje. Amepata nyumba kisiwa cha Mfangano, ya babu wa mwenzake wa ofisini. Hakuna barabara, hakuna gari, jirani yuko mbali, unafika kwa boti. Watoto wako Machakos kwa nyanya yao, kwa hivyo tutakuwa wawili tu. Sauti ni za ndege na maji, basi. Ati kwa ajili ya masikio yangu. Ameshapeleka ujumbe kwamba tunakwenda!

Nimesema asante. Nikaenda bafuni nikakaa.

Kimya kwangu si kimya. Nyumba ikinyamaza, filimbi inaanza ndani ya kichwa, moja tu, haipumui. Hapa angalau kuna jirani wa juu anayeburuta viti, kuna redio za watu, kuna wauza mboga chini. Kule itakuwa mimi na filimbi wiki mbili. Nitapata wazimu niokote makopo.

Jumapili, 7 Agosti

Kanisani. Sauti za kina mama wanaoimba juu sizipati tena. Naona midomo ikifunguka tu. Za wanaume bado nazisikia. Nimeanza ubeti kabla ya wenzangu, watu wakageuka. Baba Mwende akacheka. Yeye alidhani nimesinzia.

Jumanne, 9 Agosti

Tumegombana. Nimemwambia nataka Rusinga. Akauliza kama nina akili timamu: daktari anasema pumzika, mimi nataka ngoma. Akasema Atieno amenijaza maneno. Akasema mimi siku hizi nina kiburi, anaongea nami na simjibu, kama anaongea na ukuta. Hilo limeniuma. Ningemwambia papo hapo. Sikumwambia. Nilisonga ugali ukawa na madonge, tukala hivyo hivyo.

Jana wala juzi sikulala vizuri. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunionea huruma.

Alhamisi, 11 Agosti

Amejua.

Nilikuwa nachambua mchele mezani. Yeye alikuwa pale kwenye roshani anaanika shati lake, amenipa mgongo. Nilipoinua macho alikuwa amegeuka, ananitazama kama mgeni. Kumbe alikuwa ameniita mara tano. Akaja akaketi mbele yangu, akafunika mdomo kwa kiganja. Nikaona koo linatembea, anasema kitu. Nikamngoja atoe mkono. Hakuutoa upesi.

Kosa ni letu sisi wa mashine. Unasoma midomo mpaka unajidanganya kwamba unasikia, na wa nyumbani nao wanadanganyika. Siku zote hizi alidhani nikimnyamazia ni jeuri.

Nimemweleza kila kitu, la kushoto na la kulia. Akauliza kwa nini basi nakataa Mfangano. Nikamwambia: "Kimya naletewa mpaka mlangoni, Baba Mwende. Sina haja ya kupanda boti kukifuata. Nataka kelele nikiwa bado nazipata."

Akalia. Mwanaume mzima, juu ya mchele wangu. Na mimi nikalia.

Ijumaa, 12 Agosti

Siku ya mwisho kazini. Nimefagia pamba chini ya mashine, nimefunika nyuzi. Nimemwambia Atieno kwa midomo nakuja. Akaruka mpaka msimamizi akamtolea macho.

Baba Mwende amekwenda mwenyewe kuomba radhi kwa yule mwenzake wa nyumba ya Mfangano. Anachukia kelele, mume wangu huyo. Harusini hukaa nje. Sikumwomba aje Rusinga. Nimekuta amepanga nguo zake pamoja na zangu.

Jumatano, 17 Agosti

Rusinga. Wee! Hawa watu hawajui kuongea polepole. Mama yake Atieno anasalimia kama anaita mtu wa ng'ambo. Punda, nyundo za waunda boti, santuri mkahawani tangu chai ya saa nne. Baba Mwende kichwa kinamuuma na hasemi. Mimi nimekula samaki mpaka nimefungua kifungo. Filimbi ipo, lakini imezidiwa. Nina furaha, niandike wazi.

Ijumaa, 19 Agosti

Asubuhi. Boti zimeingia. Wanawake wanagombania samaki, Atieno yuko katikati, anamfokea mtu. Nimekaa juu ya boti iliyopinduliwa, Baba Mwende upande wangu wa kulia, penye sikio lililobaki.

Nimefumba macho nijipime. Wanawake nimewasikia. Gitaa nimelisikia, lile zito la chini. Mtu alikuwa anagonga debe. Kisha Baba Mwende akaanza kusema kitu. Sauti niliijua ni yake. Maneno sikupata hata moja.

Sikufungua macho nimsome midomo. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza.