Zimwi la Kandambili na Zimwi Bubu

Mjukuu wangu Nekesa,

Salamu kutoka Kanduyi. Ng'ombe amezaa. Kifua changu tukiache.

Unauliza ni filamu ipi ilinitisha zaidi. Katika ile ya bei rahisi uliyoniletea Krismasi, zimwi lilivaa kandambili. Nilicheka hadi nikakohoa. Lakini ile ya zamani isiyo na sauti, niliyoiona Kitale ujanani, ilikuwa kimya hivi kwamba ukumbi mzima ulisikia meno yangu yakigongana.

Nyanya yako, wakati huo mchumba wangu, akaninong'oneza, "Si ulisema utanilinda? Haya, leta mkono, bana."

Miaka yote nimewaambia ni yeye aliyeogopa. Nilidanganya. Sasa giza lingine linakaribia, naye alishatangulia. Najua atanicheka kwanza, kisha atanipa mkono.

Babu yako