Maji Yasiyo na Rangi

Same,
Septemba 1996.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Shighatini, na kwamba ule mgongo umekuachia kidogo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio sijui nikuelezeje.

Huku jua ni kali na mfereji umekauka. Nilikwambia kwamba shirika la katani lilipofungwa, karakana ya mazulia ya katani ilinunuliwa na tajiri mmoja, naye akaniajiri nisafishe maji ya rangi, maana bwawa la nyuma lilikuwa bluu kama wino na watu walilalamika. Nilileta kutoka chuoni unga mweupe, oksidi ya titani, chembe zake ndogo hata hadubini ya shule haizioni. Unaukoroga na maji kwenye mabirika ya saruji, unayaacha juani, rangi inavunjika yenyewe, ndipo unayafungulia bwawani. Mama, yalitakata! Hamisi, anayetia rangi katani, alisema nimesomea uchawi. Kichwa kikanivimba. Jumapili nikasimama kanisani, wakati wa matangazo, nikasema maji ya karakana sasa ni safi.

Sikuyapima. Niliyatazama tu.

Unga ule unaua rangi. Chumvi na dawa ya kushikishia rangi hauzigusi, nazo ni sumu isiyoonekana kwa macho. Bwawa lilipokuwa bluu, wachungaji walifukuza hata mbuzi wasilisogelee. Lilipotakata, mama mdogo Dorkas alikuwa wa kwanza kunywesha mifugo hapo, akijisifu kwa majirani kuwa hayo ni maji ya mtoto wa dada yake.

Utasikia kwamba yule ng'ombe wako mwekundu uliyemweka kwake, yule pekee uliyembakiza ulipouza wengine ili nisome, amekufa kwa kula mfuko wa nailoni. Mama mdogo ndiye aliyetunga hayo. Tulikuwa zizini, ng'ombe amelala pale, akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada asijue. Acha aendelee kujivunia mwanawe." Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda zangu kazini. Hata kumfukia sikubaki kusaidia.

Si mfuko, Mama. Alikunywa maji yangu. Naona haya hata kuandika.

Jumapili iliyopita nilisimama tena kanisani nikayasema yote. Tajiri ameninunia. Lakini wapo wafugaji wa mbali wasiosali kwetu, ambao wangefika na kiu bila habari. Kwa hiyo jana nilichukua ndoo ya rangi nikaimwaga bwawani. Hamisi alicheka mpaka akakaa chini: msomi mzima anachafua maji. Jioni likapita kundi la ng'ombe. Mchungaji wao akaona ule ubluu, akawageuza.

Nisalimie Priska na wote nyumbani. Nitapanda kuja mwisho wa mwezi. Ukiwa hutaki kunitazama, nitakaa jikoni mpaka uniite.

Mwanao,
Tumainieli