Saa Iliyoning'inia Kichwa Chini

Kwako Mama,

Jana nilimnunulia mdogo wangu Furaha saa ya mkono. Nalijua swali lako la kwanza, kwa hiyo nalijibu kabla hujauliza: ndiyo, ina mshale wa sekunde, mwekundu, unaotua juu ya kila alama bila kusitasita. Ninakuandikia hadharani kwa sababu ulizoea kusema kwamba ubishi wangu unahitaji mashahidi. Leo mashahidi ni wako.

Unaikumbuka siku tuliyonunua ile yako? Nilikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Vyeti vyako vya uuguzi kutoka Bukavu vilikuwa vimetambuliwa baada ya kungojewa sana, na ulikuwa umepata kazi wodini, katika hospitali ya kilimani Nsambya, hapa ugenini. Saa za wauguzi, zile za kubanwa kifuani kwa pini, zilikuwa ghali mno kwetu, ukaamua kununua ya kawaida na kuigeuza mwenyewe. Katika maduka yaliyo jirani na kituo cha zamani cha teksi, muuzaji alitutandazia saa za rangi ya dhahabu, kila moja ina visaa vidogo vitatu ndani ya uso wake. "Nnyabo, hii iko original," alisema, akikuita bibi kwa lugha ya kwao. Ukamwuliza vile visaa vinafanya kazi gani, akakiri kuwa ni urembo tu. Ukamrudishia zote.

Ukachukua moja nyeupe, isiyo na makuu, yenye tarakimu nene. Ukaigonga kwenye jino lako mbele ya watu wote ili ujue kama kioo ni kioo au ni plastiki, nami nikajificha nyuma ya kitenge chako kwa aibu. Ukaigeuza uone kama mfuniko wake umekazwa kwa skrubu, maana mikono ya muuguzi haikauki maji. Kisha ukasimama ukiutazama mshale wa sekunde ukizunguka, ukazunguka tena, hadi muuzaji akakuuliza kama ulikuja kununua saa au kutazama sinema. Ulimjibu bila kuinua macho: "Huu mushale ndiyo utahesabu roho za watu. Acha niujue kwanza."

Nyumbani ulikata kipande kimoja cha mkanda, ukatia pini kwenye kile kilichobaki, ukaitundika kifuani ikining'inia kichwa chini, ili wewe ukiinama uisome sawasawa. Mimi niliyepakatwa niliiona imepinduka, na hivyo ndivyo nilivyojifunza majira. Darasani, mwalimu alipoelekeza kidole kwenye saa ya ukutani, niliinamisha kichwa hadi shavu likagusa dawati, na wenzangu wakacheka. Sasa nimesoma vitabu vya kutosha kujitetea. Watu wetu, mshale mfupi ukiwa kwenye saba, husema ni saa moja. Na saa iliyopinduliwa huionyesha hiyo saba mahali pa moja. Kwa hiyo mshale mfupi, Mama, nilikuwa nikiusoma kwa Kiswahili. Wewe ungecheka. Ndivyo ulivyocheka niliporudi kutoka chuoni na hoja kwamba wakati haupo, ukanisogezea sahani iliyopoa na kuniuliza: "Kama hauko, sasa umechelewa nini?"

Furaha anaanza wodini Jumatatu. Nilimpinga, na hoja zangu zilikuwa nzuri. Nilimkumbusha miguu yako iliyovimba, Krismasi tulizokula bila wewe, na mshahara uliokuwa ukifika umechoka kuliko wewe mwenyewe. Nilimwambia nyumba hii imekwisha kutoa muuguzi mmoja. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu uliyomfundisha wewe, kisha akasema, akiniita kaka kwa namna ya kwetu: "Yaya, mimi siombi ruhusa. Naomba saa."

Alikuwa akiitaka yako. Tulikuwa tumeihifadhi kabatini, imefungwa katika leso, na hakuna aliyefikiri kuitoa betri. Fundi aliifungua, akatuonyesha ukijani wa betri iliyovuja, akatikisa kichwa. Njiani Furaha hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba labda wewe na mimi tulikuwa upande mmoja, labda umemkatalia.

Hapo ushindi ulikuwa mkononi mwangu. Ningenyamaza tu, ukimya wangu ungetosha kuwa ushahidi wako. Lakini siwezi kushinda kwa shahidi wa uongo, na wewe hukuwahi kuwa upande huo. Ilinijia ile alasiri ya siku zako za mwisho, Furaha akiwa ameenda kununua maji. Muuguzi kijana alikuja kukupima mapigo kwa kutazama simu yake. Uliitoa saa yako mkobani ukampa, akasita, akisema ataitumia mara hiyo tu na kuirudisha. Ukamwambia: "Saa haina mwenyewe. Iko ya ule mwenye anahesabu."

Nilimweleza Furaha maneno hayo pale pale barabarani, kama nilivyoyasikia. Aliniomba niyarudie. Nikayarudia. Ndipo akalia.

Jana basi nilirudi kwenye maduka yale yale, nimevaa tai, mfukoni nina kile ambacho mshahara wa kwanza humwachia kijana mwenye shahada ya falsafa. Kwa bei ile ile ningeweza kupata saa yenye jina kubwa usoni na mashine nyepesi tumboni. Niliachana nayo. Nilichagua ya tarakimu nene, mishale inayong'aa umeme ukikatika, mfuniko wa skrubu. Niliigonga kwenye jino. Muuzaji akamwita mwenzake aje amwone ssebo, yaani bwana, anayekula saa. Sikujificha nyuma ya mtu.

Furaha alikata mkanda mwenyewe. Akatia pini, akaitundika, akainamisha kichwa kuisoma, na shingo yake, Mama, ilipinda kama yako. Kisha akaushika mkono wangu kwa vidole viwili. Nikaanza kumweleza kwamba uso mweupe unasomeka vyema kuliko mweusi.

"Nyamaza, Yaya. Unanipotezea hesabu."

Nikanyamaza. Sijui kama nimewahi kunyamaza hivyo mbele ya mtu mwingine ila wewe. Nilisimama mbele ya kifua chake nikaitazama saa ile imepinduka, mshale mfupi ukiwa mahali pa kumi, na ilikuwa saa kumi kweli.

Anasema moyo wangu uko sawa. Mhesabu mpya nimemkubali, Mama, pumzika.

Kifungua mimba wako,
mbishi uliyempakata.