Kompyuta Iliyokataa Kufungwa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeshindwa! Nimeweka ile programu ya kufunga kwa neno la siri mafaili ya akina mama wanaokuja ofisini kwetu kueleza vipigo. Laptop ikajizima, ikawaka, ikauliza neno la siri. Nikaandika. Si sahihi. Nikarudia taratibu — si sahihi! Nikairuka ile hatua, Windows ikafunguka na ujumbe: jaribio limeshindikana, hakuna kilichofungwa. Afadhali mafaili yapo. Ila Alhamisi Minza, mmoja wao, anashuka kutoka kijijini Mwese kutoa maelezo, na alishaniambia maneno yake hayaingii kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaifungua. Ofisi ya jirani wameibiwa laptop juzi tu. Mji mzima unajua.

Jumanne, 4 Machi
Nimeitoa, nimeiweka upya. Yale yale. Halafu mvua, umeme ukakata. Nimerudi nyumbani Kawajense nimenuna.

Jumatano, 5 Machi
IMEKUBALI! Machibya, tunayekaa naye ofisi moja, kauliza kama neno langu la siri lina alama yoyote. Lina ile @. Akasema hebu fanya herufi zionekane unapoandika. Nikabonyeza @ — zikatokea alama za kunukuu! Kumbe kabla Windows haijaamka, mashine inasoma kibodi kama ya Kimarekani, na hii yetu ni ya Uingereza, alama hazikai mahali pamoja. Nimehangaika kote huko kwa kidude kimoja! Nimeweka neno jipya, refu, herufi tupu. Jaribio likapita. Tukapiga makofi kama wendawazimu. Jioni diski yote imefungwa. Leo nalala kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Minza kafika na tope hadi magotini, pikipiki ilikwama njiani. Hakukaa.
— Dada Spès, imefungwa kweli?
Nikaizima, nikaiwasha, nikamwambia ajaribu mwenyewe. Kabonyeza jina lake kwa kidole kimoja. Ikamkataa. Tena. Ikamkataa. Kacheka! Sijawahi kumwona akicheka. Ndipo akakaa.
Nilishaandika juu kabisa ya maelezo yake: aliyempiga ni mume, Ngusa. Si ndivyo tulivyodhani wote? Akatikisa kichwa. Ngusa hajawahi kumgusa, kasema. Ngusa ndiye aliyemtuma kwangu. Aliyemvunja mkono ni mwingine, mtu mkubwa pale kijijini, na kila asubuhi wanamwamkia. Jina atalitaja akishakunywa maji.
Yuko nje, kwenye ndoo. Nimeufuta ule mstari. Namsikia anavua ndala mlangoni —