Keria ya Okello

Jumapili jioni, 1991

Eti Okello hapumziki hata kwenye kilima! Ndivyo alivyosema mke wangu alipotoka kanisani Nsambya, amebebwa tena kwenye keria ya baiskeli ya jirani yetu huyo, yule polisi mwenye mabega kama mlango.

Wivu ninao, nakiri. Bega langu la kushoto liliharibika kwa kubeba magunia sokoni Kikuubo, hapa Kampala, na nikiendesha baiskeli kidogo tu maumivu yanapanda hadi shingoni. Fundi wa Nakivubo ameniinulia usukani upande huo. Sasa baiskeli imepinda kama mwenyewe, lakini inakwenda. Ila nikimpakia mke wangu, tunaishia mtaroni.

Leo nimemtazama akishuka kwenye baiskeli ya Okello, nikaona kosa letu. Hukaa kiupande kama wanawake wote, miguu kushoto, uzito wote unavuta bega bovu.

"Mama Atieno, hebu kaa miguu iwe kulia."

"Watu watacheka, Baba Atieno."

"Mimi wananicheka kila siku. Karibu."

Akapanda. Tukazunguka uwanja mara mbili bila kuanguka, bega likinung'unika tu. Okello akatoka mlangoni kwake, akashangaa.

"Banange! Mama Atieno, leo unakaa upande gani hiyo?"

"Upande wa mume wangu, afande," akamjibu.

Nilitaka kucheka, lakini usukani ungeniponyoka.

Kilima chenyewe cha kanisani sitakiweza. Nimemwambia Jumapili ijayo tutashuka pale chini tuisukume baiskeli. Nilidhani atanuna. Amesema basi atavaa ndala, viatu vya kanisani atavibeba mkononi.